Karatasi Yenye Kashe Haitupwi

Kwetu Niemba, Kongo, mzee haachi kazi. Kazi ndiyo humwacha yeye, kidogo kidogo: kwanza anatoka kwenye reli, halafu kwenye ujenzi, halafu kwenye shamba la mbali, mpaka anabaki na bustani ya nyuma ya nyumba na usiku mmoja mmoja wa kulinda mali ya mtu. Ukimwambia mzee wa kwetu kwamba yuko retreti, yaani amestaafu, atatazama mikono yake, kisha atakuuliza nani amekupa habari hiyo.

Baba yangu alifika huko alipovuka miaka 60. Alikuwa zamu, mlinzi wa usiku, kwenye depo ya mfanyabiashara wa mahindi, karibu na stesheni. Zamu hiyo walikuwa wanagawana wazee wawili: huyu usiku wa leo, yule usiku wa kesho, na usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili wanalinda pamoja kwa sababu ya walevi. Mshahara wao ulikuwa wa mtu mmoja uliokatwa katikati. Mwezi mbaya, tajiri aliwapa nusu kwa franga na nusu kwa meka za mahindi, ile mikebe ya kupimia, na mahindi yenyewe yalikuwa yale yaliyoanza kutobolewa. Baba hakulalamika. Alisema usiku wa zamu unalipwa kwa sababu mtu amekaa macho, na macho ya mzee hayana bei kubwa.

Hakuwa mtu asiye na historia ya kazi. Reli ya kutoka Kabalo mpaka ziwani ilifika Kalemie, enzi hizo ikiitwa Albertville, mwaka 1915, na Niemba ni mtoto wa reli hiyo. Ireland wapo wanaolijua jina letu kwa sababu nyingine: tarehe 8 Novemba 1960 askari wao tisa wa Umoja wa Mataifa waliuawa karibu na hapa. Sisi tulikua tukijua stesheni, mto Lukuga, mihogo na filimbi ya treni. Baba aliingia kwenye kundi la watengeneza reli mwaka 1970, akiwa na miaka 18, wakati kampuni ya reli bado ni CFL. Mwaka 1974 kampuni za reli za nchi nzima zikaunganishwa kuwa SNCZ, na yeye akaendelea kubeba mataruma yale yale chini ya msimamizi wao, kapita yule yule. Mwaka 1981 alitoka, akaenda Kalemie kufanya kazi kwa mwenye kampuni ndogo ya ujenzi, akakaa hapo miaka kumi, mpaka ghasia za uporaji za 1991 zilipozima kazi karibu zote za mji.

Ukijumlisha, ni miaka 21 ya mshahara, na katika miaka hiyo yote kila mwisho wa mwezi kuna kitu kilikatwa.

Kukatwa huko hakukuanza jana. Wabelgiji walitunga amri ya pensheni ya wafanyakazi wa Kongo mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Tarehe 29 Juni 1961, nchi ikiwa imepasuka vipande na Katanga yetu ikiwa imejitenga, Leopoldville walitia saini sheria iliyozaa INSS, shirika la akiba ya jamii. Nchi ikabadili jina, bendera na pesa, INSS ikabaki ikiitwa INSS mpaka 2018 ilipogeuka CNSS. Leo mfanyakazi mwenye kontrati anakatwa 5 kwa mia kwa ajili ya uzee wake. Mwajiri anatoa 13 kwa mia kwa ajili ya uzee huo huo, posho za watoto na ajali za kazini. Mimi ni karani wa shule moja Kalemie, na nilikaa miaka kwenye dawati langu nikipiga mihuri ya watu wengine bila kuisoma ile mistari miwili ya chini kwenye fishi, ile karatasi ya mshahara wangu. Sasa naisoma kila mwezi, na naisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, mpaka wameshanichoka.

Nilipomwambia baba kwamba ana haki ya kudai pensheni, alinijibu akiwa anasafisha tochi yake ya zamu.

“Mama,” akaniambia, maana ndivyo baba anavyoniita, nimebeba jina la mama yake, “miye siende kuomba-omba ku biro ya batu. Niko na kazi.”

Nilimwambia si kuomba. Akanyamaza. Kaka yangu akajaribu kwa njia yake, akamweleza kwamba fedha ile ni yake, aliiweka mwenyewe. Baba akauliza: kama ni yake, mbona inabidi aende kupiga magoti? Swali hilo halina jibu la haraka. Aibu ya mzee anayedai haki yake nimeiona Kalemie kwa wazee wa Filtisaf, kile kiwanda cha nguo kilichokuwa fahari ya mji. Wanakaa na kadi za mwajiri aliyekufa zamani na hawaendi popote. Hata Uingereza, ambako tangu 2003 kuna malipo yanayoitwa Pension Credit ya kumwongezea mzee mwenye kipato kidogo, serikali yenyewe inakiri kwamba watu wengi sana wanaostahili hawaombi. Kwa hiyo tusidhani ni ujinga wa vijijini. Mtu aliyejilisha miaka yote anaona fomu kama kipimo cha kushindwa kwake.

Aliyemgeuza baba alikuwa mama, na hakutumia hoja hata moja. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa ndani ya mfuko mwingine, uliofungwa ndani ya kitambaa cha kanga, akauweka mapajani mwa baba. “Chukua katasi zako,” akasema. “Mi nimezibeba ya kutosha.”

Ndani mlikuwa na kitabu cha kazi cha CFL kilicholiwa pembe na mende, kadi ya INSS yenye picha ya kijana mwembamba asiyefanana na mtu yeyote wa nyumbani, na fishi za mshahara, rundo zima, za reli na za yule mjenzi. Mama hakusoma shule. Fishi hizo alizitunza kwa sheria yake moja: karatasi yenye kashe, yaani muhuri, haitupwi. Zisizo na kashe aliwashia moto. Mwaka 2017, mapigano ya Watwa na Waluba yalipokuwa yanachoma vijiji vya njia ya Kalemie na Nyunzu na sisi tukakimbilia Kalemie, mama alibeba sufuria, jembe lisilo na mpini na ule mfuko. Baba alibeba mjukuu na redio.

Upande wa nyuma wa fishi ndio uliokuwa na maisha. Karatasi ilikuwa ghali, basi baba aliandikia humo madeni ya mawese. Mama alikuwa anakamua na kuuza kwa mkopo, yeye hajui kuandika, jioni anamtajia baba: fulani chupa mbili, mke wa mwalimu chupa moja na nusu, mtu wa swichi stesheni chupa tatu. Mbele ya karatasi kuna mshahara wa baba kwa taipu, nyuma kuna biashara ya mama kwa penseli. Sijaona hati nyingine inayoonyesha nyumba yetu ilivyokuwa inakula kwa ukweli kama ule.

Tulienda kwenye biro ya CNSS Kalemie mwaka 2019. Treni ikija unaipanda, isipokuja unapanda pikipiki. Siku ile haikuja. Baba alikaa nyuma ya kijana wa taksi na mfuko umebanwa kati ya tumbo lake na mgongo wa dereva, na kwenye kila mto alishuka akavuka kwa miguu akiwa ameuinua juu ya kichwa.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi. Sote tunajua biro zilivyo, au tunadhani tunajua. Karani aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu, akamwita baba “Papa”, akamtafutia kiti chenye mgongo, kisha akaanza kuzipanga fishi mezani mwaka kwa mwaka kama mtu anayecheza karata peke yake. Alizigeuza pia. Akasoma. Akacheka kidogo.

“Papa, huyu wa swichi anadaiwa chupa tatu tangu 1979.”

Baba hakucheka. “Hakulipa,” akasema. “Alihamia Kabalo.”

Hapo nikajifunza kitu ambacho hakuna aliyenieleza shuleni. Fedha ya zaire ilipozaliwa mwaka 1967, moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Mwaka 1993 wakaleta zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: franga moja ya leo ni zaire bilioni 300 za wakati baba anabeba mataruma. Yaani fedha zote alizokatwa kwa miaka 21, ukizihesabu kama fedha, hazinunui njiti ya kiberiti. Waliokuwa na akiba benki walizikwa nayo. Lakini mlango wa pensheni unafunguliwa kwa miezi: karani anataka kujua ni miezi mingapi ulifanya kazi ukiwa umeandikwa na kukatwa. Mwezi wa Machi 1976 bado ni mwezi mmoja. Mobutu hakuweza kuushusha thamani.

Miezi ya reli ilikaa sawa. Miezi ya ujenzi ilikuwa na mashimo. Fishi zinaonyesha baba alikatwa. Daftari la biro, upande wa pili, halikuonyesha kila mara kwamba kilichokatwa kilifika. Mwenye kampuni alishafariki, na baba hakutaka jina lake lisemwe vibaya. “Alinizikia mtoto,” akasema, na ni kweli, sanduku la mdogo wangu lilitoka kwake. Karani akaziweka zile fishi pembeni, akaandika barua ya maelezo, akaziambatisha zote, na akatuambia bila karatasi hizi asingekuwa na cha kuandika. Waliokuwa na jina tu mdomoni, na tuliwakuta pale kwenye benchi, walikuwa wanasimulia kapita wao alikuwa nani na nyumba walizojenga ni zipi, na nyumba hizo unaziona ukipita mjini. Nyumba haina kashe. Anayepungukiwa miezi sheria haimwachi mikono mitupu, inampa malipo ya mara moja. Lakini malipo ya mara moja tumeyaona Katanga: mwaka 2003 na 2004 kampuni ya madini ya Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mkupuo, kwa fedha za Benki ya Dunia, na ukienda Likasi utasimuliwa baiskeli, magodoro na biashara zilizodumu msimu mmoja.

Kuhusu umri, hapo tulicheka wote. Sheria ya zamani ilimtaka mwanaume afike 65, mwanamke 60. Sheria mpya, namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, ikawaweka wote kwenye 60, na ikaanza kufanya kazi miaka miwili baadaye. Baba alikuwa ameshafika 67. “Wamenirudishia miaka mitano,” akasema, “nikiwa nimeshaila.”

Kisha likaja swali ambalo njia nzima lilikuwa linanikaa kooni: Papa ameacha kazi ya mshahara? Kaka yangu alishatushauri tuseme ndiyo na tunyamaze. Pensheni ni kwa aliyeacha, na mtu anayelinda depo usiku hajaacha. Baba hakungoja nimkanyage mguu. Akaeleza zamu yote: tajiri, usiku wa kupokezana, meka za mahindi, hata mahindi yenyewe yaliyotobolewa. Karani akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili. Una kontrati? Hapana. Unakatwa kitu? Hapana, napunjwa tu. Akainama, akaandika kwenye mstari wa kazi ya sasa: mkulima.

Baba aliomba asomewe. Aliposomewa akakataa. “Mkulima ni mama yao,” akasema akinionyesha mimi, kana kwamba mama yuko nyuma yangu. “Miye ni zamu.” Ilibidi nimwombe aache, na karani akamweleza kwa upole kwamba kazi isiyoandikwa popote yeye hana mahali pa kuiandika.

Ninalifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Lilitusaidia siku ile. Lakini ndilo pia linalompa tajiri wa depo ruhusa ya kulipa kwa mahindi mabovu. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa mwaka 2018 kilikuwa franga 7,075 kwa siku kwa kazi isiyo na ujuzi. Sijamkuta zamu wa Niemba anayejua namba hiyo, na tajiri wao akiijua anaificha vizuri.

Malipo yalipoanza kuja, kwa miezi mitatu mitatu, hayakuwa ya kumlisha mzee. Wanaotarajia hivyo watavunjika moyo. Kilichobadilika ni kitu kingine, na nilikiona kwanza kwa mwenye duka. Baba alianza kukopeshwa. Chumvi, sabuni, dawa ya presha ya mama: anachukua leo, analipa pensheni ikija. Mwenye duka hajali kiasi ni kidogo, anajali kwamba kinakuja. Mshahara wa zamu hauna sifa hiyo. Unakuja tajiri akiuza.

Kisha akaanza kukataa. Msimu wa mvua wa mwaka huo alimwambia tajiri kwamba usiku wa mvua kubwa halindi, mahindi yana bati juu na yeye hana. Tajiri akamtishia kwamba wazee wa kulinda ni wengi. Baba akamjibu awatafute. Kwa wiki nzima alilala nyumbani, mwenzake naye akalala kwake kwa mshikamano au kwa uvivu, sijui, na wiki iliyofuata tajiri akaja mwenyewe na turubai na makaa ya kuota moto. Mshahara haukupanda hata franga moja. Ila mahindi mabovu yalikoma. Watu husema kumwongezea mzee kipato kutamfanya aache kazi. Baba hakuacha, aliacha tu kuogopa kufukuzwa.

Mama aliyaangalia haya yote na hakusema kitu, mpaka siku aliponiuliza yeye atapata yake lini.

Nilimweleza. Pensheni ni ya aliyekatwa. Yeye hakuwa na bosi. Amelima mihogo na mahindi tangu akiwa msichana, amekamua mawese yaliyotulipia shule, amebeba ule mfuko kwenye vita, na katika daftari la nchi hii hana hata mwezi mmoja. Nilimwambia kuna mahali wanafanya vingine. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mkazi aliyefika miaka 70 alianza kupewa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mkurugenzi au mchuuzi wa ndizi. Kenya nao wana shilingi 2,000 zao kwa mwezi kwa wenye 70. Uganda wakati huo ilikuwa shilingi 25,000, lakini nchi nzima walikuwa wanaanzia miaka 80.

“Themanini?” mama akauliza. “Hao wanataka nife kwanza ndio wanilipe.”

Njia yake ipo moja tu, na haipendezi kuitaja mezani: baba akitangulia, mjane anarithi sehemu ya pensheni. Mjane mwenye cheti, lakini. Baba na mama walioana kwa mahari, mbele ya wazee, kama watu wote wa kwetu. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inataka ndoa ya namna hiyo ipelekwe kwa afisa wa serikali kuandikishwa ndani ya mwezi mmoja. Yao ilikuwa na miaka zaidi ya arobaini na haijaandikwa popote. Sheria hiyo ilirekebishwa siku ile ile ya 15 Julai 2016, namba 16/008, ikitangulia ile ya pensheni kwa namba moja, na nashangaa jinsi mambo mawili ambayo bila yote mawili mama hapati kitu yalivyotiwa saini siku moja huko Kinshasa bila sisi kusikia.

Basi tukaenda kuwaoza. Mama alivaa kitenge kipya akiona haya, baba alikuwa ametoka zamu na macho mekundu. Afisa akaandika majina, vijiji, mashahidi. Akafika kwenye mahari, maana lazima itajwe.

Baba akasema mbuzi wawili, blanketi moja, jembe, na zaire arobaini.

Afisa akaweka kalamu chini. Zaire zipi? Za kwanza, baba akasema, za wakati zikiwa fedha. Afisa akauliza aziandikeje kwa franga. Mimi, mwenye hesabu, nikafungua mdomo nikitaka kumweleza kuhusu bilioni 300, na nikaona kwamba kwa njia hiyo mama yangu ataandikwa ameolewa bure.

Mama ndiye aliyemaliza shauri. “Andika mbuzi,” akamwambia. “Mbuzi hawajabadilishwa.”

Afisa akaandika mbuzi wawili na vinginevyo, akapiga kashe, akatutoza ada.